Nani Anatoboa Mapera

"Kama nondo hawapo, ni nani anayetoboa mapera?"

Swali hilo aliniuliza msimamizi wangu wa chuo katika ofisi yake ndogo katikati ya jiji, dirisha likiwa wazi na honi za barabarani zikiingia. Alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho wa kazi yangu na kuweka kidole kwenye mstari mmoja tu, ule nilioandika kwamba mapera ya mti ulio kando ya ukuta yaliendelea kuwa na matundu madogo. Mwaka ule nilikuwa na majibu ya kila kitu. Nilibishana na wahubiri wa bustani za jiji, na wahadhiri, na mama yangu kuhusu kama chai inafaa kuchemshwa na sukari ndani.

"Labda ni nzi," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Nzi wa matunda hutaga mayai ndani. Haya matundu umeyachora mwenyewe. Ni ya mdomo unaochoma na kunyonya. Nenda ukaangalie tena."

Niseme mapema, ili msomaji asisubiri: tatizo halikuwa nondo. Lilikuwa macho ya baba yangu. Yalikuwa yakifa taratibu, na mimi nilikuwa nikiandika kifo cha macho hayo kwenye daftari, asubuhi baada ya asubuhi, nikidhani ninaandika habari za wadudu.

Baba alikuwa mtunza bustani huko Kitisuru, kwa mjane mmoja ambaye sote tulimwita Madam, hata tukiwa peke yetu nyumbani. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaingia kwenye lango lile, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Wiki nzima alilala kwenye chumba kilicho nyuma ya nyumba kubwa. Jumamosi jioni alikuja kwetu, karibu na Kenyatta Market, ambako mama husuka nywele, akaenda kanisani nasi Jumapili, kisha akarudi.

Ile bustani imezungukwa na ua wa kayaba, wenye miiba mirefu kama sindano za magunia. Juu yake kuna miparachichi. Majani ya parachichi yakikauka huanguka na kunasa kwenye miiba, mamia kwa mamia, na katikati ya hayo majani ndiko nondo hulala mchana kutwa. Akikunja mabawa huwa ni jani kabisa: kahawia, lenye mshipa katikati, ukingo umejikunja, hata na madoa ya ukungu. Unaweza kumkodolea macho dakika nzima usimwone. Ukimgusa hufunua mabawa ya chini, rangi ya machungwa yenye mkunjo mweusi, na unashtuka hata kama ulikuwa umejiandaa.

Nilipokuwa shule ya msingi nilishinda huko likizo nzima, na baba alinifundisha kuwaona.

"Usitafute nondo," aliniambia. "Angalia mabega. Jani haina mabega."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo watunza bustani wa nyumba jirani waliicheka. Kabla ya kushika reki alipita kando ya ua mzima akiwa ameinama, akitazama majani yaliyoanguka moja moja, na kila nondo aliyemkuta chini alimwinua kwa kijiti na kumning'iniza tena kwenye kayaba. Ndipo alipokusanya majani na kuyachoma. Sababu yake aliniambia mara moja tu, na kwa haraka, kama mtu anayetaja aibu. Mwaka wake wa kwanza pale alichoma rundo bila kuangalia. Jani moja likainuka kutoka motoni, likaruka juu ya kichwa chake likiwaka, likavuka nyasi na kuangukia karibu na mlango wa jikoni.

"Lilikuwa linapiga mabawa," alisema.

Kwa hiyo chuo kiliponitaka nichague kazi ya mwaka wa mwisho, nilichagua wale nondo. Nilitaka kujua kama idadi yao hubadilika kadiri flati mpya zinavyojengwa nyuma ya ukuta na taa zake kuwaka usiku kucha. Sikuweza kwenda Kitisuru kila siku, nikamwomba baba anihesabie. Nani alikuwa anawajua kama yeye? Kila asubuhi alitembea urefu wa ua, kutoka langoni hadi kwenye mpera, kisha akanipigia simu. Mimi nilikwenda mara moja kwa mwezi, nikakaa chini ya mpera na kuchora matundu ya mapera, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu iliyohitaji kalamu. Ua nilimwachia yeye.

"Mami, sasa. Wageni wako leo ni tisa."

"Asante, Baba."

"Mmoja ananiangalia vibaya. Nadhani anajua anaandikwa."

Tisa. Nane. Wiki ya mvua, kumi na moja. Kisha sita, nne, nne, tatu. Miezi ikapita, namba zikashuka kama maji kwenye tangi lenye tundu, na mimi, lazima niseme ukweli, nilifurahi. Mstari kwenye karatasi yangu ulikuwa mzuri. Ulishuka jinsi mistari ya watu wenye vitabu inavyoshuka. Nikaweka sababu zangu: taa za flati, dawa ambayo jirani hupulizia waridi, mvua zilizochelewa.

"Leo hakuna mtu," baba akasema asubuhi moja.

"Hakuna hata mmoja?"

"Wameisha, mami. Kila kitu kinaisha Nairobi."

Niliandika sifuri, nikapiga mstari chini yake. Mimi niliyedai ushahidi wa kila neno la mhubiri sikuwahi kuuliza kama kipimo changu kilikuwa kizima.

Nyumbani dalili zilikuwa zimetapakaa kama nguo za kufuliwa. Baba aliangusha kikombe cha chai kilichowekwa kushoto kwake, akacheka, "Hii meza imepunguzwa." Jumamosi nyingine alikuja na plasta kwenye paji la uso, tawi, alisema. Akaacha kushuka ngazi za kanisa pamoja nasi. Alisubiri watu wote watoke, ndipo akashuka akiwa ameshika ukuta, na tulidhani anaomba. Siku moja mzee wa kanisa alimnyooshea mkono kutoka upande, na baba akampita tu. Mkono ukabaki hewani.

Mama alikasirika njia nzima. "Baba yako ameanza maringo. Kuishi na matajiri kumemwingia."

"Maringo gani, na yeye ndiye hukata nyasi zao?"

"Wewe nyamaza. Unajua mambo ya vitabu, hujui ya watu. Mwanamume akizeeka hivi, anaota pembe."

Kila mtu alikuwa na neno hilo. Wauza mboga wa njia ya kuingia Kitisuru walisema anajiona. Askari wa nyumba ya jirani aliacha kumsalimia, kulipiza. Watu wanaomjua mtu kwa salamu zake walimhukumu kwa salamu zake, na hukumu ilikuwa rahisi sana kiasi kwamba hata mimi niliikubali. Nilidhani anachoka kuwa mnyenyekevu. Moyoni nilimpongeza.

Basi Jumamosi iliyofuata swali la msimamizi nilipanda kwenda Kitisuru asubuhi, na simu yangu ya kupigia picha, kutafuta nzi.

Madam alikuwa kwenye baraza na gazeti lake.

"Habari ya masomo, profesa?"

"Nzuri, Madam. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie baba yako salamu hailipishwi. Jana nimesimama hapa karibu naye, namuita, ananipita kama mti. Miaka yote hii." Alicheka, lakini alikunja gazeti kwa nguvu kuliko gazeti linavyohitaji.

Nilimsikia baba kabla ya kumwona. Mashine ya kukatia ua ilikuwa ikinguruma upande wa mpera, ile ya petroli yenye meno marefu kama msumeno wenye pande mbili. Alikuwa juu ya ngazi ya mbao, mguu mmoja juu kuliko mwingine, akisukuma ile mashine kushoto na kulia juu ya kayaba. Vipande vilirukaruka. Nikasimama nyuma yake nikisubiri amalize, na kwa mazoea tu macho yangu yakaanza kutafuta mabega.

Nondo nilimwona mara moja. Alikuwa amelala kwenye tawi, shibiri moja kushoto kwa meno ya mashine. Nikatabasamu, nikasubiri baba asimamishe kama alivyofanya maisha yangu yote. Mashine ilikwenda kushoto. Haikupunguza mwendo. Kitu cha rangi ya machungwa kikazunguka hewani na kuangukia bega la baba, na yeye akaendelea kukata.

Nikapiga kelele. Akazima.

"Baba, umemkata!"

"Nani?"

Sijasahau jinsi alivyosema neno lile. Aligeuka kwa haraka hadi ngazi ikayumba, uso wake ukiwa wa kijivu, akaanza kutazama chini, kushoto, kulia, akizungusha kichwa chote kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Alikuwa akitafuta mtu. Alikuwa akitafuta damu.

"Nondo, Baba. Umemkata nondo."

Akashusha pumzi, akaketi kwenye kidato cha ngazi. Mashine ilikuwa mapajani mwake kama mtoto. "Sema hivyo basi," alisema. "Unanitishia roho bure. Nondo ametoka wapi? Si wameisha?"

Nilitembea kando ya ua kuelekea langoni. Katika hatua kumi nilihesabu saba. Nilirudi nikahesabu tena, kwa sababu sikujiamini, nikapata nane. Walikuwa wamejaa. Walikuwa wamelala kwenye kayaba wiki hiyo yote ya sifuri, na wiki za kabla yake, wakinywa mapera usiku na kurudi kulala pale baba alipopita kila asubuhi.

Karibu na mpera palikuwa na jivu la majani aliyochoma Alhamisi. Nililichokora kwa kijiti. Kulikuwa na ukingo wa bawa, rangi ya machungwa, umeungua nusu. Kisha mwingine. Niliacha kuchokora.

"Njoo, Baba. Huyu hapa, unamwona?"

Alikuja. Nilimwonyesha tawi lililokuwa usawa wa bega lake. "Naona majani," alisema. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakigeuza polepole hadi nondo akawa mbele ya pua yake kabisa. Uso wake ukafunguka.

"Aaa! Huyu! Karibu, mgeni." Akacheka kwa furaha ya kweli. "Amekuja leo. Ni mvua imewaleta."

"Nitazame puani. Usigeuze macho. Sema ukiona kidole."

"Unanipima kama askari wa barabarani? Sijanywa."

"Baba, tafadhali."

Nikaleta kidole kutoka upande wa sikio lake la kushoto. Alinitazama puani kwa utiifu, kama mtoto anayepigwa picha ya shule. "Bado," akasema. Kidole kilipita sikio. "Bado." Kilifika kwenye shavu. Nilikuwa naona kivuli chake juu ya ngozi yake. "Bado, mami. Unakileta ama umekisahau nyumbani?" Kilipokaribia pua ndipo akasema, "Hapo."

Upande wa kulia haukuwa bora sana.

"Una mkono mrefu," alisema. Kisha akatazama mashine iliyokuwa chini, na hakufanya mzaha tena.

Mama alipoambiwa hakulia. Alikaa na kitana mkononi. Kisha akasema, "Yule mzee wa kanisa," na akafunika mdomo.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho Upper Hill. Nilikuwa nimejiandalia maswali kwenye karatasi, na daktari, mwanamke kijana wa sauti ya chini, aliyajibu yote bila kuharakisha. Ugonjwa huo watu huuita presha ya macho. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, kuanzia kando, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi. Matone ya kila siku huenda yakakilinda kilichobaki.

"Na hiki kilichobaki kinatosha kazi?" baba akauliza.

"Kazi gani, mzee?"

"Ya maua."

Daktari akasema maua hayana shida. Nilisubiri baba ataje ngazi. Nilisubiri mama. Kisha nikaona kwamba na mimi nilikuwa nimekunja karatasi yangu ya maswali na kuikalia.

"Una watoto wangapi?" daktari akauliza.

"Ni huyu tu."

"Basi na wewe upimwe," akaniambia. "Hutembea kwenye familia."

Nikasema nitakuja. Sikwenda.

Nje, kwenye njia ya miguu, mama alimshika baba mkono kwa mara ya kwanza hadharani tangu nizaliwe. "Madam asijue," akasema.

"Asijue," baba akakubali. "Mtunza bustani kipofu ni nani? Ni mtu wa kusaidiwa." Akanigeukia kwa kichwa chote. "Umesikia, mami?"

Nilisikia. Jumatatu alipanda ngazi. Jumanne alipanda. Ua ule ni mrefu, na ukimaliza mwisho, mwanzo umeshaota. Aliendelea kunipigia simu asubuhi na namba, sasa akitembea polepole na kugeuza uso kwa kila tawi: "Saba leo. Nimewaona wote." Sikuandika namba hizo. Nilikuwa nikingoja simu ili nijue vidole vyake bado ni kumi. Darasani niliweka simu juu ya meza na sikusikia neno la mhadhiri hadi ilie. Siku moja haikulia. Nilipiga mara nne. Aliposhika alisema alikuwa ameanguka kidogo tu, mahali pafupi, mashine ilikuwa imezimwa, kwa nini nahema?

Alasiri hiyo nilimpigia Madam nikamweleza yote.

Nilisikia ndege wa bustani ile kwenye simu. "Kwa hivyo hakuwa ananidharau," akasema.

"Hapana, Madam. Hakukuona."

"Na nilikuwa nimeshaongea na mtu mwingine," akasema polepole. "Aanze mwisho wa mwezi."

Kesho yake mashine na ngazi vilifungiwa stoo, na ufunguo ukaenda na Madam ndani. Kukata ua kukapewa watu wa kuja na gari. Baba akabaki na vyungu, vitalu vya maua, na chumba chake. Huyo mtu wa mwisho wa mwezi hakuja. Niliona nimeshinda, nikamngojea baba Jumamosi nikiwa na hoja zangu zimepangwa.

Aliingia, akavua kofia, akaipapasa meza kabla ya kuiweka. "Habari yako," akanisalimia, kama anavyosalimia wageni wa mama. Akala. Mama alijaribu kuzungumza habari za soko.

"Baba, ungekufa."

"Nimeishi kwa ile ngazi kabla hujazaliwa," alisema bila kuinua sauti. "Ungeniambia mimi kwanza. Ningeshuka mwenyewe."

Simu za asubuhi zikaisha. Nilirudi kwa msimamizi nikamwambia nondo wapo, walikuwapo siku zote, na kwa nini. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Aliniruhusu nihesabu upya, mwenyewe, na nikamaliza chuo nyuma ya wenzangu. Asubuhi hizo nilipita kando ya kayaba huku baba akimwagilia vyungu upande wa pili wa nyasi. Hakuniuliza idadi.

Kipimo changu cha macho nilikiahirisha kwa zaidi ya mwaka. Mimi, mtu wa ushahidi. Kila nilipojigonga kwenye kona ya kitanda nilisimama gizani nikihesabu mara ngapi wiki hiyo. Mwishowe nilikwenda, nikatia kidevu kwenye mashine nyeupe na kubonyeza kitufe kila nilipoona nukta ya mwanga. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo sikubonyeza, na sikujua kama hapakuwa na nukta au hapakuwa na jicho. Daktari alisema jicho la kulia ni zima. La kushoto nilirudishe baada ya miezi sita.

Nilimuuliza ninapaswa kuchunga nini, doa jeusi huanzia upande gani. Akasema hakuna doa jeusi. Karibu kila mgonjwa hulisubiri, na ndiyo maana huchelewa. Jicho likifa mahali fulani, ubongo hauachi nafasi wazi. Huchukua kilicho jirani na kupajaza. Baba, asubuhi zile zote za sifuri, hakuona giza wala ukungu kwenye ule ua. Aliona majani makavu, safi kabisa, moja baada ya jingine.